Mtoto aliyekinzana na sheria: maana yake kosa linapokuwa zito

Katika lugha ya mahakama na ya ustawi wa jamii nchini Tanzania, mtoto anayetuhumiwa kwa jinai haitwi mhalifu, bali mtoto aliyekinzana na sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kuwa mtoto kila mtu aliye chini ya miaka 18, na uzito wa kosa haumwongezei umri. Aliye chini ya miaka 10 hawezi kuwajibishwa kwa jinai. Aliyefikisha 10 lakini hajatimiza 12 huwajibika tu ikithibitishwa kwamba alipotenda alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hakupaswa kutenda.

Tuchukue mfano wa kubuni: kijana wa miaka 16, pembezoni mwa Moshi, anadaiwa kumchoma mwenzake kisu katika ugomvi uliozuka kwenye kilabu cha mbege. Majeruhi akipona, shauri husikilizwa na kumalizwa na Mahakama ya Watoto, ambamo hakimu mkazi hukaa faragha, mzazi au mlezi akiwapo pamoja na afisa ustawi wa jamii. Majeruhi akifa, mambo hubadilika, kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kumaliza kesi ya mauaji, na shauri huishia Mahakama Kuu, ile ile inayowahukumu watu wazima.

Hata huko, hata hivyo, kijana huyo hubaki mtoto. Hawezi kuhukumiwa kunyongwa. Akipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, Kanuni ya Adhabu inaagiza awekwe kizuizini kwa kadiri itakavyompendeza Rais. Wanaolalamika mitaani kwamba watoto "huachiwa tu" wangefaa kuitafakari amri hiyo, kwa sababu haina tarehe ya kumalizika, na kwa maoni yangu kutojua mwisho ni mzigo mkubwa kwa mtu wa miaka 16.

Kwa makosa mengine, kifungo cha jela hakiruhusiwi kwa mtoto. Mahakama inaweza kumwachia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi, kumkabidhi kwa mlezi anayefaa au kumpeleka Shule ya Maadilisho ya Irambo, mkoani Mbeya, ambayo kwa familia ya Arusha au Moshi ni safari ndefu mno ya kwenda kumwona mtoto. Kesi ikiendelea, asiyepata dhamana hutakiwa kukaa katika Mahabusu ya Watoto, na miji yote miwili inayo, wala si gerezani pamoja na watu wazima.

Haya yote yanategemea umri kujulikana. Polisi wakiandika miaka 19 kwa kukisia sura, mtoto huingia katika njia ya watu wazima hadi mtu aihoji tarakimu hiyo. Mahakama ina wajibu wa kuuchunguza umri unapotiliwa shaka, na inaweza kupokea ushahidi wa daktari, lakini mzazi asingoje hatua hiyo: cheti cha kuzaliwa, au kama hakipo, kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo, kifike mahakamani siku ya kwanza.