Filamu za Kutisha: Iliyokatwa na Nzima Zinatofautiana Wapi?

Ukienda kuwekewa muvi kwenye flashi jirani na Soko la Majengo hapa Dodoma, usishangae kijana wa kibanda akikuuliza kama unataka iliyokatwa, yaani iliyoondolewa baadhi ya vipande, au nzima. Wengi huchukua nzima, wakiamini walichonyimwa ndicho chenye utamu. Sisi tunaofundisha filamu chuoni huulizwa sana kuhusu hili, na jibu letu huanzia kwa aliyeshika mkasi.

Mara nyingi ni mfanyabiashara. Braindead, filamu ya New Zealand ya mwaka 1992 iliyojaa damu na vichekesho, kwao ina dakika 104. Marekani ilitoka ya dakika 97, kisha nyingine ya dakika 85, iliyopunguzwa ili ipate daraja la umri wa watazamaji ambalo maduka ya kanda yangelikubali. Dakika 19 zikitoka, hadithi inapwaya. Uingereza, iliyojulikana kwa ukali miaka hiyo, iliipitisha bila kuigusa!

Mkasi wa sheria ni habari nyingine. Ruggero Deodato, mwongozaji wa Cannibal Holocaust ya Italia (1980), alishtakiwa na ikambidi athibitishe kwamba waigizaji wake wako hai. Watu walikuwa wanaigiza. Wanyama waliuawa kweli mbele ya kamera. Uingereza ilipoipa kibali mwaka 2001 iliondoa karibu dakika 6. Mwaka 2011 ilirudisha karibu zote, ikaacha nje sekunde 15 tu: mnyama mdogo anayechinjwa taratibu huku akilia. Sheria yao ya mwaka 1937 inakataza kuonyesha ukatili kwa mnyama uliopangwa kwa ajili ya filamu. Kwa maoni yangu, mtu anayezitafuta sekunde hizo hatafuti hadithi.

Tahadhari kuhusu kuhesabu dakika. Filamu ya sinema hupita picha 24 kwa sekunde. DVD nyingi zilizotengenezwa kwa mfumo wa televisheni wa PAL, unaotumika Ulaya na hata kwetu, huipitisha kwa picha 25. Filamu ya dakika 100 inaisha kwa dakika 96 bila kukatwa hata kidogo, na sauti za waigizaji zinapanda kidogo. Nimeona watu wakigombana na muuzaji kwa sababu ya dakika hizo nne.

Kwa wazazi na wenye vibanda umiza, jambo kubwa ni daraja. Bodi ya Filamu Tanzania hukagua filamu na kupanga madaraja chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya 1976. Wakaguzi popote pale hutoa daraja kwa nakala waliyoitazama. Bango la ukutani likionyesha umri fulani, na flashi iliyochomekwa ina nakala nzima iliyopakuliwa intaneti, bango hilo halisemi lolote kuhusu kinachoonyeshwa ndani. Muulize mwenye kibanda ameitoa wapi nakala yake kabla hujamlipia mtoto kiingilio.