Je, wajua kwa nini mchubuko mdogo wa kupanda miamba unaweza kukulaza hospitalini?

Mikono ya mpanda miamba haikosi alama. Baada ya kutwa nzima kwenye mwamba wenye chembe kali utakuta sugu moja imebanduka, ncha za vidole zimelika hadi zinang'aa, na nyuma ya kiganja kuna michubuko pale mkono ulipopenyezwa kwenye ufa na kukazwa humo ili ubebe uzito wa mwili. Karibu vyote hupona vyenyewe. Lakini mara mojamoja mtu hurudi kutoka safarini akiwa mzima, analala, na asubuhi anaamka mkono umevimba hadi kiwiko, mwili unatetemeka kwa homa, na daktari anasema alazwe ili dawa ipitishwe kwenye mshipa. Imekuwaje kidonda ambacho mwenyewe hakukiona kinastahili hata plasta kifike huko?

Wengi hulaumu mwamba, kwamba ulikuwa na mdudu wa ajabu. Mara nyingi sivyo. Mdudu alikuwa wa mpandaji mwenyewe. Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus hukaa puani mwa watu takriban 3 kati ya 10 bila kuwadhuru, na kutoka puani hufika vidoleni kila mtu anapojigusa uso. Daktari wa upasuaji wa Uskoti, Alexander Ogston, ndiye aliyeonyesha mwaka 1880 kwamba bakteria wa kundi hili ndio wanaotunga usaha kwenye majipu. Mwenzake hatari ni Streptococcus pyogenes, yule anayesababisha pia maumivu ya koo. Hawa wawili ndio wanaohusika na sehemu kubwa ya maambukizi mabaya ya ngozi, iwe umeumia mwambani, uwanjani au jikoni.

Ngozi nzima inawazuia vizuri sana. Tabaka lake la juu ni seli zilizokufa zilizobanana na kuunganishwa kwa mafuta, uso wake una asidi kidogo, ni mkavu, na unapukutika na kujiunda upya kila baada ya wiki nne hivi. Bakteria anayetua hapo hupata mahali pagumu pa kuishi. Upandaji huishambulia kinga hiyo kutoka pande nyingi kwa pamoja. Mwamba unaisaga ngozi. Chaki, yaani unga wa magnesiamu kaboneti ambao John Gill wa Marekani aliutoa kwenye jimnastiki na kuuingiza katika upandaji miaka ya 1950, hunyonya jasho na kukausha ngozi hadi ipasuke kwenye mikunjo ya viungo na pembezoni mwa sugu. Mipasuko hiyo ni myembamba, haitoi damu nyingi, na kwa hiyo hupuuzwa. Juu ya hayo, safarini maji ya kunawa huwa haba, na mkono uleule uliogusa kamba yenye vumbi ndio unaopangusa jasho usoni na pua.

Hata hivyo, kupasuka kwa ngozi peke yake hakutoshi kueleza kwa nini hali inakuwa mbaya, maana tunajikata kila mara na hatuugui. Kinachobadilisha mambo ni uchafu unaobaki ndani ya kidonda.

Mwaka 1957, jijini London, watafiti S. D. Elek na P. E. Conen walilipima jambo hili kwa watu waliojitolea. Waliwadunga staphylococcus kwenye ngozi ili wajue ni bakteria wangapi wanaohitajika kutunga usaha. Ilibidi wafike mamilioni. Mwili wenye afya ulimudu kuwaangamiza wote waliokuwa chini ya idadi hiyo. Kisha wakatumia uzi wa hariri wa kushonea majeraha uliokuwa na bakteria haohao, wakaupitisha ndani ya ngozi na kuuacha humo. Safari hii mamia tu yalitosha. Uzi wenyewe haukuwa na sumu yoyote. Ilitosha kwamba ni kitu kigeni ambacho bakteria wanaweza kukishikilia.

Kwangu mimi hilo ndilo jibu la swali letu, na natamani kila mpandaji alijue. Punje ya mchanga, chembe ya fuwele ya mwamba, kipande cha kuvu-mwamba (ule utando unaoota juu ya mawe) au bonge la chaki lililokwama chini ya sugu iliyobanduka hufanya kazi ileile ya uzi ule. Bakteria hujibandika juu yake na kujifunika kwa utando wa ute, na seli nyeupe za damu zinapokuja kuwameza hazipati pa kuwashika. Ukiongeza ngozi iliyopondeka, ambayo haifikiwi na damu na kwa hiyo haifikiwi na askari wa mwili, bakteria wamepata makazi salama. Katika mazingira mazuri staphylococcus hugawanyika kila baada ya nusu saa hivi. Mmoja asiyesumbuliwa anaweza kuzaa zaidi ya milioni moja kwa saa kumi, yaani tangu kuvua viatu vya kupandia jioni hadi kunywa chai ya asubuhi.

Wakishaongezeka, wanaweza kubaki pamoja na kutunga jipu, au kusambaa kwenye tabaka za ndani za ngozi na mafuta yaliyo chini yake. Kusambaa huko madaktari hukuita selulitisi. Streptococcus ni mtaalamu wa njia hii, kwa sababu hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha gundi inayoshikanisha seli. Ngozi inavimba, inakaza, inauma na kuwa na joto kuliko sehemu za jirani. Maambukizi yakiingia kwenye mishipa ya limfu huchora mstari unaopanda mkononi, na tezi za kwapani huvimba. Yakiingia kwenye damu, homa hupanda, moyo hukimbia, na mgonjwa huanza kuchanganyikiwa. Hapo shida si ya mkono tena.

Jambo moja linapaswa kusemwa wazi kwa sababu maelezo mengi hulisahau. Karibu kila mahali utasoma kwamba dalili ni wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza kuonekana kama zambarau au weusi uliokolea, au usionekane kabisa. Usingoje rangi. Linganisha mkono unaouma na mwenzake: upi una joto unapoupitishia mgongo wa kiganja, upi ngozi yake imetanuka na kung'aa, upi ukibonyezwa unabaki na shimo? Chukua kalamu, chora mstari kwenye mpaka wa uvimbe, na andika saa pembeni. Uvimbe ukiuvuka mstari baada ya saa chache, una ushahidi wa kumwonyesha daktari.

Vidole vina hatari yao ya pekee, na wapandaji huumia vidole kuliko kiungo kingine chochote. Kano zinazokunja vidole hupita ndani ya ala nyembamba yenye ute. Mwiba au chembe kali ya mwamba ikitoboa upande wa kiganja na kuingiza bakteria ndani ya ala hiyo, usaha hauna pa kutokea. Unasafiri kwa urefu wa kidole na kubana damu inayolisha kano, na kano isiyolishwa hufa. Ala za kidole gumba na kidole cha mwisho kwa watu wengi huendelea hadi karibu na kifundo cha mkono, ambako huweza kukutana, hivyo maambukizi ya kidole kimoja hutokea upande wa pili. Daktari wa upasuaji wa Chicago, Allen Kanavel, alieleza katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 dalili nne ambazo hospitali bado zinazitumia: kidole kizima kimevimba sawasawa, kinakaa kimejikunja kidogo, kinauma kikibonyezwa popote kwenye njia ya kano, na mtu mwingine akikinyoosha maumivu hayavumiliki. Anayepanda miamba amezoea vidole vinavyouma na atasema kano zimechoka tu. Lakini kano iliyochoka haikuletei kidole kinachopwita usiku kucha. Ukiziona dalili hizi nenda hospitali saa hiyohiyo, kwa maana huenda ikabidi ala isafishwe kwa upasuaji.

Kuna hali moja ya nadra inayotisha zaidi, pale bakteria wanapoingia kwenye utando unaofunika misuli na kuuozesha kwa kasi. Alama yake ya mwanzo ni maumivu makali kupita kiasi yakilinganishwa na kinachoonekana. Ngozi inaweza kuwa karibu ya kawaida huku mgonjwa analia. Baadaye huja malengelenge, weusi na ganzi. Hii haitibiki kwa vidonge. Ni lazima tishu zilizokufa zikatwe, na kila saa inayopita ina gharama.

Mazingira nayo yana mchango wake, ingawa ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Wanaopanda majabali ya baharini penye maji ya joto wanaweza kukutana na Vibrio vulnificus, bakteria mkali hasa kwa wenye ugonjwa wa ini. Maji ya mito yana Aeromonas. Miiba, udongo na mimea inayooza hubeba kuvu aitwaye Sporothrix, ambaye huleta vinundu vinavyojipanga polepole kufuata njia ya limfu kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo mweleze daktari ulikuwa wapi na kidonda kiligusa nini. Dawa huchaguliwa kwa habari hiyo.

Na ufanye nini kidonda kikiwa bado kibichi? Kioshe. Kwa matokeo ya Elek na Conen, kutoa punje moja ya mchanga kunaweza kuwa na faida kuliko dawa yoyote utakayopaka juu yake. Maji safi ya kunywa yanatosha, mradi yawe mengi na yapite kwa nguvu kidogo: toboa tundu dogo kwenye kifuniko cha chupa, kamua, elekeza mchirizi ndani ya kidonda, na inua kile kipande cha sugu ili maji yapite chini yake pia. Spiriti na hidrojeni peroksidi huua bakteria lakini huua pia seli zinazokuja kutengeneza ngozi mpya. Ngozi iliyochafuka na kufa ikatwe kwa mkasi safi. Kisha paka mafuta mazito na ufunike. Ile imani kwamba kidonda kiachwe wazi kikauke ilivunjwa mwaka 1962 na George Winter, aliyeonyesha kwa nguruwe kwamba kidonda kinachotunzwa kikiwa na unyevu huota ngozi haraka zaidi. Wengine huziba mpasuko kwa gundi kali ili waendelee kupanda. Gundi juu ya mchanga ni kuwafungia bakteria ndani pamoja na uzi wao, na sioni njia iliyo bora kuliko hiyo ya kutengeneza jipu.

Msitumie kwa pamoja mkasi, tupa ya kusawazishia sugu, wala taulo, maana hupitisha bakteria, na wengine hawasikii dawa. Methisilini, dawa iliyotengenezwa kuwashinda staphylococcus waliokuwa wameishinda penisilini, ilianza kutumika karibu mwaka 1960, na kufikia 1961 tayari Uingereza ilikuwa imepata bakteria wasiouawa nayo. Leo aina hizo husambaa pia kati ya wanamichezo wenye afya kamili.

Tunasahau upesi maisha yalivyokuwa kabla ya dawa hizi. Februari 1941, huko Oxford, polisi aitwaye Albert Alexander alikuwa akifa kwa maambukizi yaliyoenea kichwani na mapafuni, jicho moja limeshaondolewa. Alipewa penisilini, na ndani ya siku chache homa ikashuka na hamu ya chakula ikarudi. Madaktari walikusanya mkojo wake ili wachuje dawa na kumpa tena, lakini haikutosha. Ilipokwisha, bakteria walirudi, akafariki Machi mwaka uleule. Aliyepewa antibaiotiki leo na kuziacha nusu kwa sababu uvimbe umepungua anaacha bakteria ambao bado wako hai.

Kuna bakteria mwingine asiyetoka puani mwa mtu. Mbegu za pepopunda zipo udongoni na kwenye kinyesi cha wanyama, na hupenda majeraha ya kutoboka yasiyo na hewa. Dalili huanza kwa kawaida kati ya siku 3 na 21, wakati kidonda pengine kimeshafunga na kusahaulika. Kwa aliyekamilisha chanjo za awali, kidonda kidogo kisafi huhitaji chanjo nyingine ikiwa imepita miaka 10 tangu ya mwisho, na kidonda chenye udongo ikiwa imepita miaka 5. Hesabu hiyo ifanywe siku ileile ya kuumia, na asiyekumbuka mwaka aliochanjwa amwambie mhudumu hivyohivyo, atajua la kufanya.