Kamba kwenye ukurasa wa 12 na 13

Tangu mwaka 2022 naandika kitabu kimoja kidogo cha watoto, na bado hakijatoka. Ni hadithi ya msichana wa Bulengo, magharibi mwa Goma, mji wa Kivu Kaskazini huku mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, anayetumwa ziwani alfajiri kuchota maji. Mkono mmoja umeshika bidoni ya njano, wa pili umeshika kamba ya mbuzi. Njiani mbuzi anaona majani mabichi na kushuka kwenye kishimo. Ndani ya kishimo mna mazuku.

Kwa msomaji asiye wa Kivu: mazuku ni gesi, kaboni dioksidi, inayopenya kutoka ardhini kwenye nyufa za mawe meusi ya volkano. Haionekani, wala haikupi harufu ya kukushtua. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida karibu mara moja na nusu, kwa hiyo haipandi. Inatulia mabondeni kama maji ndani ya beseni. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala, inajaa. Jua likipanda na upepo ukivuma, inapungua. Wataalamu wa volkano wa nchi nyingine nao wameazima neno letu, wanaandika mazuku vilevile. Hapa kwetu yako pande za Keshero, Lac Vert na Bulengo, na kule kila anayefuga anamjua mtu aliyepoteza mbuzi. Wengine wamepoteza zaidi ya mbuzi.

Nafundisha darasa la pili. Wanafunzi wangu ndio wanaotumwa maji alfajiri. Nilitafuta kitabu cha kuwasomea juu ya jambo hili, kwa lugha wanayocheza nayo, nikakosa. Basi nikakaa kukiandika.

Mara ya kwanza niliandika maneno 1,900, na mhusika alikuwa Sungura. Niliwasomea Jumamosi moja. Sungura alikuwa mjanja, anajua kila kitu, anawaeleza wanyama wenzake wasiingie mashimoni asubuhi, walaze mbuzi pa juu, waangalie wadudu waliokufa. Kabla sijafika nusu, watoto walikuwa wanafunguana kamba za viatu. Sikuwalaumu. Nilikuwa nimechukua bango la onyo na kulivalisha masikio marefu.

Mara ya pili nikamwondoa Sungura, nikamweka msichana, na nikampa baba. Mbuzi anaanguka, msichana analia, baba anakuja mbio, anabana pumzi, anaruka ndani ya kishimo na kutoka na mbuzi mabegani. Watoto walipiga makofi na kuniomba nirudie. Nilirudi nyumbani na furaha ambayo sikuwahi kuipata katika kazi hii. Wiki ileile nikampa rafiki mmoja anayepima gesi za volkano, nikitegemea atasahihisha labda neno moja au mawili.

Alisoma, akanyamaza, kisha akaniambia kwamba yule baba naye amekufa. Ndivyo mazuku yanavyoua watu wawili, watatu: mmoja anaanguka, mwingine anashuka kumtoa, wa tatu anawafuata. Gesi hiyo ikipita asilimia 10 ya hewa unayovuta, unazimia haraka, na baadhi ya mashimo yetu yana zaidi ya hapo kwa mbali. Kubana pumzi hakukusaidii, maana ukimnyanyua mbuzi tu utavuta pumzi upende usipende.

Sikulala usiku ule. Nilikuwa nimewasomea watoto darasa zima hadithi nzuri inayowafundisha kukimbilia shimoni, na walikuwa wameipenda. Katika yote yaliyonirudisha nyuma, hili ndilo lililoniuma. Mtu anayeandikia wakubwa akikosea, msomaji anaweza kubishana naye. Mtoto wa miaka saba habishani. Anaamini, halafu kesho asubuhi anashika bidoni anatoka.

Jumatatu nikarudi darasani na kuwaambia wazi kwamba mwalimu wao amekosea, kwamba baba asingerudi. Kimya. Kisha mtoto mmoja wa mstari wa mbele akasema: «Mwalimu, baba yake ni murefu. Mimi niko mufupi. Ile itanipata mimi wa kwanza.»

Kuhusu baba hakuwa sahihi, lakini kuhusu kimo alikuwa sahihi kabisa. Mazuku yanaweza kumfikia mtu mzima magotini au kiunoni, akasimama pembeni bila kuhisi kitu, wakati mtoto aliyeinama kufungua kamba tayari ameshatia kichwa ndani. Nikatazama michoro yetu ya kwanza: yote ilikuwa inatazama kutoka juu, msichana kadogo pale chini, kishimo kama doa. Nikamwomba mchoraji aanze upya, macho yake yawe usawa wa kidevu cha mtoto. Nilipiga magoti uani kwangu na kutembea hivyo nikiandika ninachoona. Majani yanakuwa makubwa. Watu wazima wanakuwa miguu na vitenge. Ukingo wa shimo unaficha kilichomo. Karibu nusu ya maneno yangu yakaondoka yenyewe, kwa sababu yalikuwa yanaeleza vitu ambavyo mtoto yule asingeviona.

Sasa nifafanue jambo la karatasi, maana limenigharimu miezi na wengi wanaoanza hawaambiwi. Nilipeleka kwa mchapaji kurasa 27. Akanirudishia. Kitabu cha kubanwa kwa pini katikati kinatengenezwa kwa karatasi zinazokunjwa, na kila karatasi ikikunjwa inatoa kurasa 4. Kwa hiyo ni 24 au 28, hakuna 27. Nilikasirika, kisha nikaona ni zawadi. Katika kitabu cha kurasa 24, ukurasa wa 12 na wa 13 viko juu ya karatasi moja, pale katikati kwenye pini, na ni pale tu, ukiacha jalada, ambapo mchoro unapita pande zote mbili bila kukatwa. Na kwa kuwa 11 iko mkono wa kulia, mtoto lazima afunue ili aone 12.

Basi kwenye ukurasa wa 11 msichana anamwita mbuzi. Unafunua. Kwenye 12 na 13 hakuna neno hata moja: kuna kamba tu, imetoka mkononi mwake, imelala juu ya mawe, imelegea, inaingia kwenye majani na kupotea.

Nilipolijaribu darasani kwa karatasi nilizokunja mwenyewe, hakuna aliyeuliza mbuzi yuko wapi. Binti mmoja aliweka kidole juu ya kamba, akaifuata polepole mpaka ukingoni, akakiondoa kidole.

Mchapishaji mmoja wa nje ya nchi alinijibu kwamba mnyama asife katika kitabu cha umri huu, na kwamba Kiswahili changu kinahitaji kusafishwa: bidoni iwe dumu, mazuku yawe hewa ya ukaa. Nilikubali masahihisho mengi ya sarufi, kwa shukrani. Hayo mawili nilikataa. Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Sioni kwa nini mtoto wa Goma asome jina la kigeni la kitu kinachoweza kumuua nyuma ya nyumba yao. Na mbuzi kufa, watoto hawa wameshaona. Wanachokosa ni mtu mzima wa kukaa nao akiwasomea jambo hilo mpaka mwisho.

Vita ilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, shule zilifunga, benki zilifunga, na mchoraji wangu akaondoka na michoro 9 iliyokamilika. Tulipoteana kwa miezi. Pesa nilizotenga kwa uchapaji zililiwa nyumbani, na sijuti.

Leo nina nakala ya mfano, kurasa 24, maneno 410. Baba bado yumo, ila anasimama juu, amemshika binti yake bega, na wote wawili wanangoja. Maonyo yote nimeyahamishia ndani ya jalada la nyuma, yasomwe na mzazi. Mchoraji amepatikana. Ukurasa wa 19 tu ndio haujakaa: jua amelichora juu mno, na hapo ni asubuhi bado, hakuna upepo, hakuna anayeruhusiwa kushuka. Nimemrudishia jana.