Family Man na pigo asilolipiga

Kama unafuatilia mechi za Chelsea pale Stamford Bridge, besi ya Aston Barrett, yule Family Man aliyempigia Bob Marley, imeshakupitia masikioni hata kama jina lake hulijui. Ule wimbo usio na maneno, wenye kinanda, ambao mashabiki huupigia makofi kabla mpira haujaanza, unaitwa Liquidator. Ulirekodiwa Jamaika, ukaingia kumi bora za Uingereza mwaka 1969 kwa jina la Harry J Allstars. Sifa huenda kwa mpiga kinanda, Winston Wright, na anazistahili. Lakini hebu kiondoe kinanda kichwani, ubaki na kile kinachotembea huko chini. Huyo ni kijana wa miaka 22 kutoka Kingston.

Mimi napiga besi. Huu ni mwaka wa kumi na tisa, na mingi kati ya hiyo nimeimalizia kwenye bendi za hoteli hapa Arusha, ambako usiku haupiti mteja asiombe Bob Marley. Tunampigia. Watu wanacheza, wanaimba, wanarudi mezani wakimsifu Bob. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ile besi ni ya nani. Ndiyo sababu naandika haya.

Barrett alizaliwa Kingston tarehe 22 Novemba 1946. Kabla muziki haujamlisha alikuwa fundi, anachomelea vyuma na kutengeneza baiskeli. Besi yake ya kwanza aliiunda mwenyewe: mbao za plaiwudi, fimbo ya pazia, na kibao cha kuwekea majivu ya sigara kikiwa daraja la kuinulia uzi. Mdogo wake Carlton alianza kujifunza ngoma kwa kugonga makopo ya rangi. Sisi tuliokulia kwenye magitaa ya galoni na nyaya za breki za baiskeli hatuhitaji kusimuliwa hali hiyo. Kinachonivutia ni ile fimbo ya pazia. Chombo cha namna hiyo hakikupi noti nyingi, kwa hiyo kila noti unayoipata unaitafutia mahali pake. Huo ni mtazamo wangu, siwezi kuuthibitisha, lakini nikimsikiliza naona alibaki hivyo maisha yake yote.

Ndugu hao wawili walianza na kundi la Hippy Boys. Mtayarishaji wa muziki Lee Perry akawachukua wakawa Upsetters, bendi yake ya studio, na kwa Perry ndipo walipokutana na Wailers, kundi la waimbaji watatu: Bob Marley, Peter Tosh na Bunny Livingston. Waimbaji walikuwa na sauti na nyimbo, akina Barrett walikuwa na mdundo. Peter na Bunny walipoondoka, Bob alibaki na hao ndugu, na kuanzia albamu ya Natty Dread ya mwaka 1974 Aston ndiye aliyekuwa kiongozi wa muziki wa bendi. Jina la Family Man alijipa mwenyewe kabla hajapata mtoto hata mmoja, kwa sababu aliiona bendi kama familia na yeye ndiye wa kuishika pamoja.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Hesabu moja, mbili, tatu, nne, polepole, mguu ukigonga sakafu. Katika rumba na dansi letu, moja ni nyumbani. Besi inatoka, inazunguka, inarudi kwenye moja, na wachezaji wanajua hapo ndipo pa kukanyaga. Katika ule mtindo wa tone moja, One Drop kama walivyouita wimbo wao wa mwaka 1979, nyumbani pamehamishwa. Teke la ngoma kubwa haliji kwenye moja. Carlton alilishusha kwenye tatu, pamoja na kifimbo kugonga ukingo wa ngoma ndogo, ko! Gitaa la rithim linakata kwenye mbili na nne. Kwenye moja ngoma kubwa imenyamaza kabisa.

Mpiga besi wetu akikuta nafasi hiyo, mkono unamwasha aijaze. Nilifanya hivyo miaka mingi, nikadhani napiga reggae, kumbe nilikuwa napiga rumba iliyochoka. Family Man mara nyingi aliiacha moja ipite kavu, au aligusa kidogo tu akanyamaza, kisha maneno yake yakaja baadaye, yakizungumza na mwimbaji. Mwenyewe alieleza kwamba akipiga besi ni kama anaimba, sauti nzito chini ya waimbaji wengine. Ukilijua hilo, nyimbo zinafunguka. Mistari yake unaweza kuiimba kwa mdomo, bila gitaa, na mtu akautambua wimbo. Mpiga besi gani mwingine unaweza kumwimba hivyo kutoka wimbo hadi wimbo?

Wiki iliyopita nilikuwa na kijana mmoja mazoezini, ana vidole vyepesi kuliko vyangu. Alikuwa anapiga noti zote sahihi, na bado haikukaa. Nikamwambia aache mkono wa kulia uendelee vilevile, ila atazame wa kushoto. Akishapiga, asiukandamize uzi mpaka noti inayofuata. Alegeze kidole kiguse uzi tu, ufe. Tukarudia. Noti zilikuwa zilezile, lakini sasa zilikuwa na urefu, moja fupi, moja ndefu, na katikati yake gitaa la rithim likaanza kusikika kana kwamba tumeongeza mtu. Mpiga ngoma akainua kichwa akacheka. Hicho ndicho Family Man alikijua: urefu wa noti ni sehemu ya noti. Alitumia Fender Jazz yenye nyuzi laini zisizokwaruza na sauti ya juu, yaani ile nyembamba (treble), akaipunguza, ili mtu asisikie kidole, asikie uzito tu.

Kwa anayetaka kujaribu, asikilize Exodus ya mwaka 1977. Ni zaidi ya dakika saba, na karibu wimbo mzima umekaa kwenye kodi moja (chord), yaani fungu moja la noti zinazopigwa pamoja. Safari hii ngoma kubwa inapiga mapigo yote manne kama watu wanaotembea. Bila kodi kubadilika, mpiga besi hana pa kujificha. Akichoka dakika ya tatu, wimbo umekufa. Yeye hakuchoka. Halafu sikiliza Natural Mystic, ya kwanza katika albamu hiyohiyo, jinsi muziki unavyokuja taratibu kutoka mbali, ule mstari wa besi ukijirudia, kabla Bob hajafungua kinywa. Mwimbaji mkubwa kama yule alikubali kusubiri mlangoni wakati besi inamtandikia.

Family Man alisema ngoma ni moyo na besi ni uti wa mgongo, na besi isipokaa sawa muziki unakuwa kilema. Nimeshapanda jukwaani na bendi zenye ulemavu huo, zikiwa na waimbaji wazuri sana.

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Aprili 1980 Bob na Wailers walipiga uwanja wa Rufaro, Zimbabwe ilipokuwa inapata uhuru wake. Mabomu ya machozi yalirushwa kwa umati uliokuwa ukitaka kuingia, moshi ukafika mpaka jukwaani, na baada ya purukushani bendi ikarudi kupiga. Bob alifariki mwaka uliofuata, tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36. Carlton aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake Kingston tarehe 17 Aprili 1987, naye akiwa na miaka 36. Ngoma na besi zilizokua katika nyumba moja zikatenganishwa. Family Man aliendelea na jina la Wailers kwa miongo mingine, akizunguka dunia na wapiga ngoma wengine. Sijui anayepiga besi hufanyaje kuamka siku inayofuata, mtu aliyekuwa anamsikiliza tangu utotoni ameondoka.

Tukifika kwenye fedha, moyo unaniuma.

Mwaka 2006 alikwenda Mahakama Kuu ya London kuidai kampuni ya kurekodi na familia ya Marley mirabaha iliyotajwa kufikia pauni milioni 60. Alishindwa. Mwaka 1994 alikuwa ameshatia saini makubaliano, akalipwa, na kuachia madai yake, na jaji akaona mlango huo umefungwa. Kisheria naelewa. Kisichoniingia ni mfumo uliomfikisha hapo. Kwa desturi ya biashara hii, mwenye wimbo ni mwenye maneno na sauti inayoimbwa. Mstari wa besi, hata ukiwa ndio unaokufanya uutambue wimbo kwa sekunde mbili, unahesabiwa kuwa ni kazi ya kuajiriwa: umepiga, umelipwa, nenda nyumbani.

Na karatasi zenyewe haziaminiki sana. War ya mwaka 1976, ambayo maneno yake yametoka katika hotuba ya Haile Selassie kwenye Umoja wa Mataifa mwezi Oktoba 1963, imeandikwa kwa majina ya Carlton na Allan Cole, mchezaji mpira aliyekuwa rafiki wa Bob. Who the Cap Fit ina majina ya ndugu wote wawili. Kwa hiyo katika nyimbo chache wametajwa kama watunzi, na katika nyingine nyingi, ambazo bila vidole vyao zisingekuwa zilivyo, hawamo. Rudi pia kwenye ile Liquidator. Mwaka 1972 Staple Singers wa Marekani walitoa I'll Take You There, na mwanzo wake ni ule wa Liquidator. Wimbo ukashika namba moja kule. Jina la mpiga besi wa Kingston halimo kwenye karatasi ya watunzi.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nami limenifika, kwa kiwango changu kidogo. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa studio nipige besi kwenye wimbo ambao hadi saa hiyo ulikuwa na gitaa na maneno tu. Nilikaa saa nne, nikajaribu mistari mitano, wa sita mwimbaji akaruka akasema ndio huo. Nikapewa hela ya nauli na chakula. Wimbo ulipopigwa redioni, watu walikuwa wanaimba besi yangu kwa mdomo barabarani, tu-tu-ruu. Kwenye orodha ya walioshiriki sikuwepo, na nilipouliza niliambiwa sikuandika chochote. Ni kweli, sikuandika. Nilipiga.

Angalau Jamaika ilimpa heshima yake akiwa hai, kwa Nishani ya Distinction mwaka 2021, daraja la Kamanda. Alifariki Florida tarehe 3 Februari 2024, akiwa na miaka 77. Siku kumi na moja baadaye filamu ya maisha ya Bob ikaingia kwenye majumba ya sinema, na aliyeigiza kama Family Man, akiwa na besi mkononi, alikuwa mwanawe, Aston Barrett Mdogo. Nilikwenda kuitazama. Watu walikuwa wanamwangalia Bob, mimi nilikuwa naangalia mkono wa kushoto wa yule kijana.

Siku hizi nikiitwa studio sichomeki waya kwanza. Nabeba daftari. Naandika jina la wimbo, tarehe, na jina la kila mtu aliye chumbani na alichokipiga, kisha naomba kila mmoja atie saini, hata mpiga manyanga. Wengine wananuna. Tukishamaliza ndipo nawasha amplifaya, napunguza sauti ya juu, na kuisubiri moja ipite.