Je, kwa nini barakoa ya nesi humpoteza mgonjwa mwenye usikivu hafifu?

Simama mbele ya kioo useme “fika”, kisha “shika”. Kwenye “fika” meno ya juu yanagusa mdomo wa chini. Kwenye “shika” midomo inachongoka mbele. Sasa sema “baba”, “mama”, “papa”. Kiooni yote ni yale yale.

Kwa sikio mambo hugeuka. M na b zina nguvu kwenye masafa ya chini, yaani sauti nzito, na mzee ambaye usikivu wake umefifia kwa umri bado huzipata. Zinazompotea kwanza ni sauti za masafa ya juu, yaani nyembamba: s, sh, f, th. Kwa hivyo husikiliza kwa viungo viwili: sikio linamletea m na b, macho yanamletea f na sh, na palipobaki pengo anakisia kutokana na mazungumzo yenyewe.

Barakoa hukata njia zote mbili kwa mpigo. Mombasa tumezoea kuongea na mvaa nikabu tunayemwona macho tu, kwa hivyo twadhani si tatizo. Lakini sisi tunaodhani hivyo twasikia. Tena kitambaa chenyewe huchuja sauti, na hakichuji sawasawa. Vokali hupita, konsonanti za masafa ya juu hufifia. Vipimo vya maabara vimeonyesha barakoa ya kawaida ya hospitali ikipunguza takriban desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 hadi 4 kwenye masafa hayo, na N95, ile nzito inayobana uso, ikikaribia 12. Ongeza feni la dari, honi za tuktuk nje, na kioo cha dirisha la dawa.

Hapo nesi hupaza sauti. Bahati mbaya, kupaza sauti huzidisha vokali kuliko konsonanti, na kilichokosekana ni konsonanti. Mgonjwa akiona haya huitikia “naam, sista”, akaenda zake na dawa asiyojua anywe mara ngapi. Heri aambiwe, “Hebu nieleze, utakunywaje?”

Kiziwi anayetumia Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo imetajwa kwenye Katiba ya 2010, hasalimiki pia. Mikono iko wazi, lakini katika lugha za ishara uso nao ni sarufi: mdomo na mashavu hubeba maana, na hayo yote yamefunikwa.

Barakoa zenye dirisha la plastiki zipo. Zinaonyesha midomo, ila huziba sauti zaidi ya zile za kawaida, na plastiki hushika mvuke wa pumzi.

Kuna mahali ambapo barakoa haivuliwi hata sasa: kliniki za kifua kikuu. Na baadhi ya wagonjwa wa huko uziwi wao uliletwa na tiba yenyewe. Sindano za kanamaisini na kapriomaisini, zilizotumika kwa kifua kikuu sugu, huweza kuua seli za sikio la ndani, zikianza na zile za masafa ya juu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri ziachwe. Seli hizo hazioti tena, kwa hivyo aliyekwisha kudungwa anahitaji maelezo yaandikwe, kwenye karatasi au kwenye simu, kwa herufi kubwa.