Skrini inasema volti 5, osiloskopu inasema 10: jenereta ya mawimbi si mbovu

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya mafundi na wanafunzi wa elektroniki: ukiona jenereta ya mawimbi (kifaa kinachotoa mawimbi ya umeme ya majaribio) inaandika volti 5 huku osiloskopu (kifaa kinachopima na kuchora mawimbi hayo) ikionyesha 10, basi jenereta ni feki, irudishe dukani. Si kweli.

Jenereta nyingi za maabara zina ukinzani wa ndani wa omu 50. Namba ya kwenye skrini ni ya hesabu, haikupimwa kwenye waya. Mashine inachukulia kwamba umeunganisha mzigo (kifaa kinachopokea umeme) wa omu 50, hivyo volti zinagawanyika: nusu zinabaki ndani, nusu zinatoka. Osiloskopu kwa kawaida ina omu milioni 1, haivuti karibu chochote, kwa hiyo inapata zote.

Jaribu mwenyewe. Weka rezista ya omu 50 sambamba na ingizo la osiloskopu. 10 itashuka hadi 5. Au ingia menyu ya mzigo, chagua Hi-Z (yaani mzigo wenye ukinzani mkubwa sana): kwenye mashine nyingi namba itaruka hadi 10, lakini wimbi lenyewe halitasogea hata kidogo.

Tumezoea multimita, ambayo husoma kilichopo, ndiyo maana tunachanganyikiwa. Hata Vpp (volti kutoka kilele cha chini hadi cha juu cha wimbi) na Vrms (volti za DC zenye nguvu sawa na wimbi hilo) huwatatiza wengi: wimbi la sine la Vpp 5 ni Vrms 1.77 hivi.

Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia usiusambaze. Unamfanya mwanafunzi aitupie lawama mashine isiyo mbovu. Namba zikikataa kulingana hata baada ya kuweka omu 50, anza kukagua kebo na kama probu (waya wa kupimia wa osiloskopu) iko kwenye 1X (haipunguzi volti) au 10X (inazipunguza mara kumi).