Pointi si bei: namna ya kupima ughali wa faharisi ya teknolojia

Malalamiko kuhusu makundi ya WhatsApp yanayouza "hisa za teknolojia za Marekani" yanaongezeka hapa Mwanza, na karibu kila mlalamikaji huanza na pointi: "Niliambiwa Nasdaq iko juu." Nasdaq ni faharisi, yaani kipimo kimoja cha mwenendo wa bei za hisa za kampuni nyingi, zikiwemo nyingi za teknolojia, na kipimo hicho huhesabiwa kwa pointi. Pointi za faharisi si bei. Faharisi ya pointi 5,000 inaweza kuwa ghali kuliko ya pointi 20,000.

Ughali hupimwa kwa uwiano wa bei na faida, ule unaoandikwa P/E. Jumlisha thamani ya soko (bei ya hisa mara idadi ya hisa) ya kampuni zote zilizomo, ugawanye kwa jumla ya faida zao za mwaka. Usichukue wastani wa P/E za kampuni mojamoja. Tuseme kampuni ya kwanza ina thamani ya dola bilioni 900 na faida ya bilioni 30, ya pili ina thamani ya bilioni 100 na hasara ya bilioni 10. Hesabu kamili ni 1,000 kwa 20, yaani 50. Wapo wanaoziondoa kampuni zenye hasara. Wao watakuonyesha 30. Faharisi ni ileile.

Uliza pia ni faida ipi: ya miezi 12 iliyopita au ya makadirio? Mvuvi wa dagaa akikupigia hesabu ya mtumbwi kwa siku za giza peke yake, utamcheka, maana mbalamwezi ikiingia taa hazivuti kitu. Kwenye hisa, makadirio yanaweza kuhesabu siku nzuri tu vivyo hivyo, na watu hawacheki.

Kisha geuza uwiano: P/E ikiwa 40, 1 kwa 40 ni asilimia 2.5, yaani faida ya mwaka kwa kila dola 100 unazolipa ni dola 2.5. Linganisha na riba ya hatifungani (hati za mkopo) za serikali ya Marekani za miaka 10, si za Tanzania, kwa sababu faida hizo ni za dola.

Uwiano hautaji tarehe ya bei kuanguka. Desemba 1996 Alan Greenspan, mkuu wa benki kuu ya Marekani, alitahadharisha juu ya bei za hisa. Nasdaq ikaendelea kupanda hadi 5,048 Machi 10, 2000. Oktoba 2002 ilikuwa 1,114, chini hata ya ilipokuwa siku ya onyo lile. Kilele cha 2000 kilipitwa mwaka 2015.

Kuhusu muuzaji: biashara ya dhamana (hisa, hatifungani na kadhalika) bila leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ni kosa chini ya Sura ya 79 ya sheria za Tanzania, na mhusika anaweza kushtakiwa. Omba namba ya leseni, ihakikishe kwa Mamlaka yenyewe, na linganisha jina la kampuni herufi kwa herufi. Lipa kwenye akaunti yenye jina hilo, kamwe si kwenye namba ya simu ya mtu. "Lakini ana ofisi" si leseni. Ukishalipa na una mashaka, usijitoe kwenye kundi wala usifute ujumbe: piga picha za skrini, tunza miamala yote, ndipo uandike malalamiko.